Kibendera Chekundu cha Luteni Rennie

Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu haya mawili. Asiyeamini shauri yake. Nilikaa mwisho wa benchi pale bandari ya Arbroath, Uskoti, harufu ya samaki wa moshi imetujaa puani, na wazee watatu wakipokezana chupa ya chai. Walikuwa mafundi wa ndege za kivita kwenye manowari ya kubeba ndege. Kikosi chao kilivunjwa mwaka arobaini na nne, kikiwa na umri wa miezi mitano. Miaka thelathini sasa, na kila asubuhi wanakifufua ili wagombane. Koleo, aliyekuwa akikunjua mabawa yaliyokunjwa melini na kuyafunga kwa komeo kabla ya kuruka, alipiga kelele kuliko wote. Alijua wakinyamaza tu, maneno yatafika kwenye bawa.

— Kilivunjwa kwa sababu injini zilikuwa takataka, akasema Mafuta, mjaza petroli.

— Takataka kichwa chako! Koleo akamkata. Admirali alituonea wivu. Bendi yetu iliishinda yake.

— Bendi gani? Filimbi moja na sufuria?

— Hiyo hiyo!

Redio, fundi wa mawasiliano, akatema mate.

— Nyie bado watoto. Hatukuwa kikosi sisi. Tuliandikwa karatasini tu, Mjerumani ahesabu ndege nyingi akose usingizi.

— Na Luteni Rennie, rubani wetu, naye alifia karatasini? Mafuta akauliza.

Koleo akaunguza ulimi kwa chai.

— Rennie aliuawa na wakubwa! Sisi tukatupwa kama maganda ya viazi, hata jiwe la kumbukumbu hatuna!

Mwanamke mwenye koti la mvua, aliyekuwa amesimama nyuma yetu akisikiliza, akasogea.

— Samahani, wazee wangu. Mimi Isobel, binti yake Rennie. Niliambiwa bawa la kushoto lilijikunja akiwa angani. Si kulikuwa na kibendera chekundu, kinachochomoza bawa lisipofungwa?

— Kilikuwepo, mwanangu, akasema Mafuta.

— Asubuhi ile nani alikiangalia?

Mafuta akatazama viatu. Redio akatazama maji. Koleo akakiona tena, kimechomoza upana wa ukucha, na yeye anainua kidole gumba ndege iende, maana baridi ilimkata mikono na foleni ya ndege ilikuwa ndefu.

— Chai imekwisha, akasema, akainuka.

Yote hayo ni kweli tupu. Nimetunga kimoja tu, yule msikilizaji wa mwisho wa benchi: benchi lile hukaa watu watatu. Hapakuwa na mtu wa nne, na baridi ya asubuhi ile bado inanikata mikono.