Sura Niliyoificha kwa Wivu

Ndugu zangu wa kundi hili la maombi, karatasi yangu hii mnaiona. Maneno haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, na bado sijaridhika nayo. Nivumilieni hivyo hivyo.

Mnajua ninasomea udaktari, si ule wa hospitali bali wa hesabu za mashine. Mama mmoja hapa aliniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako iko wapi tuione?" Nikamwambia, "Iko ku karatasi, mama." Akasema, "Basi haitaharibika." Ni mashine za kufikirika. Unaipa neno, inasoma herufi moja moja, mwishoni inajibu ndiyo au hapana. Mimi nachunguza ni makundi gani ya maneno ambayo mashine yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuyatambua.

Hayo nilijifundisha mwenyewe hapa Kamenge, kwa vitabu nilivyosoma kwenye simu. Nilipopokelewa chuoni nikamkuta dada mmoja, simtaji jina, anayesoma jambo hilo hilo kwa profesa yule yule. Yeye alisomea ng'ambo. Ndugu zangu, nawaambia, nilimwonea wivu mpaka chakula kikakosa ladha. Akiuliza swali, profesa anasogeza kiti amsikilize. Nikiuliza mimi, anatazama saa. Hata mwandiko wake ubaoni uliniudhi, kwa sababu ulikuwa umenyooka.

Sisi wanafunzi tuna desturi ya kusomeana sura kabla ya kwenda mbele ya kamati, na kamati ile ndiyo ingeamua kama naendelea au narudi nyumbani. Dada alinipa sura yake. Nikamwambia yangu haijakamilika. Ilikuwa imekamilika. Niliogopa ataiba, na niliogopa zaidi kwamba atatabasamu.

Yake niliisoma kwa nia mbaya. Nilitafuta kosa moja tu, nimwaibishe nalo. Katikati ya sura nikakuta ameandika, kama mtu anayepita tu, kwamba sharti la kurudia halitoshi. Niwaeleze. Kundi likiwa na mashine yake, kila neno lake refu lina kipande unachoweza kukirudia bila kutoka nje ya kundi. Hilo ni kweli. Mimi niliamini na upande wa pili: kipande kikirudiwa, basi mashine ipo. Ni kama kusema kila padri anavaa kanzu, kwa hiyo kila mwenye kanzu ni padri. Nendeni msikitini Buyenzi siku ya Ijumaa muwahesabu hao mapadri.

Sura yangu yote, na teorema yake kubwa, yaani kanuni niliyodai kuithibitisha, ilisimama juu ya upande huo wa pili, na dada alikuwa ameweka mfano mfupi unaouvunja. Niliukagua nikimwomba Mungu uwe na kosa. Haukuwa nalo. Nililia, na katika kulia nikazidi kumchukia: kwa nini ajue yeye?

Lakini hapakuwa na mwingine wa kumwendea. Nikaenda kwao Mutanga Nord. Alifungua mlango mwenyewe.

"We? Mwaka muzima unanipita kama ukuta, leo unaniletea karatasi?"

"Dada, sura yangu imekufa. Nisomee."

"Ingia. Lakini mi sina huruma na mutu wa kiburi."

Alisoma, akakata. "Apana. Hapa pia apana." Kisha akaweka kidole penye njia yangu ya kujengea mashine za makundi machache. "Na hii ulitoa wapi?"

"Nimeitunga mwenyewe."

"Sijaiona popote. Iko muzuri. Achana na ile teorema kubwa. Chukua haya makundi machache, ujenge mashine zake kwa mukono, moja moja."

Mbele ya kamati nilianza kwa kusema kwamba teorema niliyowaahidi si kweli, na kwamba mfano unaoivunja ni wa mwenzangu. Kusema hivyo kuliniuma kuliko kulia kule. Kisha nikaonyesha kidogo kilichobaki. Waliniuliza maswali magumu, wakaniruhusu niendelee.

Sitawadanganya kwamba wivu umeisha. Juzi alialikwa kueleza kazi yake Kigali, nami sikumpongeza. Hata hivyo namshukuru, na nawashukuru ninyi mlioniombea bila kuelewa ninachosoma. Ninachoweza kuwapa ni hiki: unayemwonea wivu huenda ndiye anayeijua kazi yako kuliko wote. Mpe aione mapema, hata kama una hasira naye.

Leo asubuhi nimemtumia sura ya nne, ikiwa na makosa ninayoyajua. Hajajibu. Mniombee nisimpigie simu, nimwache asome.