Honorata Shirima, Aliyesoma Vyeti Kuanzia Chini

Ndugu mgeni mwalikwa, kabla hujaendelea nakuomba jambo moja, tena kwa heshima zote: yaliyoandikwa hapa yaishie kwako. Usiyasome kwa sauti ndani ya gari, usiiache karatasi hii kwenye kiti cha kanisani, wala usimwambie mtu asiyealikwa. Unapewa wiki moja kabla ili ujue zamu yako katika ratiba. Mwenye sherehe anaamini kwamba Jumamosi anakwenda Gaithersburg kwenye ubatizo wa mtoto wa mtafiti mwenzetu Chelagat. Akijua kwamba ni sherehe ya kumuaga yeye, hatakuja. Mbaya zaidi, ataiomba karatasi hii, atachukua penseli yake, na mimi niliyeiandika bado niko kwenye miezi ya majaribio.

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2008, Bi. Honorata Shirima anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili katika ofisi yetu ya utafutaji wa nasaba hapa Greenbelt. Wengi wetu tunamwita Mama Elisante, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mkurugenzi ameandika ukurasa wa Kiingereza. Huu wa Kiswahili nimekabidhiwa mimi.

Alizaliwa Mkuu, Rombo, akafundisha shule ya msingi Moshi, kisha akaja Marekani mwaka 1983 akifuatana na mumewe, marehemu Mzee Anatoli, aliyekuwa mtumishi wa ubalozi. Ofisini alianza kama mrudishaji wa filamu: watafiti wakimaliza kusoma kwenye mashine filamu zenye picha za kumbukumbu za zamani, yeye huzizungusha zirudi mwanzo. Wenzake wa zamani wanasema alikuwa akizisoma zikipita. Jioni alisoma chuo, akawa mtafiti, na tangu mwaka 1997 ndiye msimamizi wa watafiti wote.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Mtu huja na jina la babu au bibi aliyepotea katika masimulizi ya ukoo, nasi humtafuta kwenye vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kufa, na sensa ya kila miaka kumi. Kuifanya ndiyo ngumu, na Mama Elisante hakuajiri mtu kabla ya kumwonjesha ugumu huo. Kila mgeni aliulizwa jina la mama wa bibi yake. Chelagat, ambaye ni Mkalenjini wa Kapsabet, alijibu bila wasiwasi, "Tulimwita Kogo tu."

"Kogo ni bibi. Hicho ni cheo, siyo jina," akaambiwa. "Nenda, urudi na jina."

Chelagat alipiga simu nyumbani kwa shangazi hadi shangazi. Alirudi na jina, pamoja na binamu wawili ambao hakujua kuwa ni ndugu zake, mmoja wao akiwa anakaa hapa jirani, mji wa Columbia, na kusali naye kanisa moja.

Mambo mengine mnayajua. Mama Elisante hajawahi kuingia barabara kuu ya I-270 saa za asubuhi; hupita njia za ndani, taa baada ya taa, na bado hutukuta tunafungua mlango. Chai yake ya tangawizi hunywewa koridoni, kwa sababu karibu na filamu hata peremende hairuhusiwi. Na cheti chochote hukisoma kuanzia chini. Sisi huanza juu, kwenye jina la marehemu. Yeye huanza kwenye mstari wa mwisho, wa mtu aliyetoa taarifa. Ukimuuliza kwa nini, anasema marehemu hakujaza karatasi.

Kazi yake ya mwisho kubwa ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Mwenye habari hii ameisoma na kuiruhusu.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja Mzee Phineas Dorsey, Mmarekani mweusi wa miaka themanini na minne, mkazi wa Columbia, aliyezaliwa huko kabla mji wenyewe haujajengwa. Makaburi ya kanisa dogo la ukoo wake yalikuwa yanahamishwa kupisha barabara. Wazee wa kanisa walikuwa na mchoro wa zamani wenye tarehe za maziko, lakini bila majina. Wakatangaza kwamba ndugu atakayeleta ushahidi kabla ya mwisho wa Juni, kaburi la mtu wake litahamishwa peke yake na kupewa jiwe. Yatakayobaki yatazikwa pamoja, bila jina hata moja. Hapo ndipo ilisemekana amelala Hester, mama wa baba yake. Mzee hakuwa na tarehe wala karatasi.

Ofisi mbili zilikuwa zimeshamjibu. Katika sensa ya 1900, nyumba ya Elias Dorsey, mume wa Hester, ilikuwa na mume na watoto, bila mke. Sensa ya 1890 iliungua. Kwa hiyo, walisema, Hester alikufa kabla ya 1900, wakati ambao vyeti vya vifo huko mashambani vilikuwa haba, na habari ikaishia hapo. Mtafiti wetu Fredy naye alifika palepale, akaandika hivyohivyo, akapeleka ripoti kwa Mama Elisante.

"Fredy, baba, msiba umeutangaza. Maiti iko wapi?"

"Mama, nyumbani kwake hayupo."

"Hata mimi sasa hivi nyumbani kwangu sipo."

Ripoti ikarudi mezani kwa Fredy. Mama Elisante akamwita Mzee Phineas, akamuuliza baba yake alikuwa akimzungumziaje mama huyo. Mzee alisema baba yake alimkumbuka kama mtu asiyekaa nyumbani. Watu walikuja kumwita, naye akachukua mfuko wake na kutoweka siku mbili tatu.

"Waliokuja kumwita ni akina nani?"

"Wanaume. Waume za watu, tena wenye haraka."

Mama Elisante alicheka mpaka akavua miwani. Hester alikuwa mkunga. Siku karani wa sensa alipopita, yeye alikuwa kwa mzazi fulani, na mtu aliyefungua mlango akawataja waliokuwemo ndani tu.

Siku hiyo tuliambiwa tuache vifo, tushike vizazi. Hatukutafuta mtoto wala mama, bali mstari wa chini kabisa, wa aliyezalisha. Ilikuwa kazi ya kuchosha macho, cheti baada ya cheti cha watoto wasiotuhusu. Chelagat ndiye aliyepiga kelele kwanza, kwenye cheti cha mwaka 1903: "Mathe, nimempata! Yuko hai!" Ofisi nzima ilisimama kama tumepata simu kutoka kwake. Baada ya hapo tulimwona kila mahali, akipokea watoto wa nusu ya kaunti, hadi Februari 1912. Kuanzia Machi, jina lililoandikwa chini lilikuwa la mkunga mwingine.

Tukarudi kwenye vifo, sasa tukiujua mwaka. Hester Dorsey hakuwepo. Tulipekua tena, na tena, na Juni ikaingia. Mzee Phineas alianza kusema kwamba pengine bibi yake hangechukia kulala na wenzake. Fredy alisema huenda kifo hakikuandikishwa kabisa. Mama Elisante hakumkatalia, ila alitaka kujua ni nani angekwenda kukiandikisha.

"Mwanawe," Fredy akasema.

"Kwetu mfiwa hatoki. Anakaa, watu wanamjia. Anayekimbia na karatasi ni jirani. Ulipofiwa na baba yako, nani alishughulikia ubalozi na tiketi?"

Aliyeshughulikia ni yeye mwenyewe, Mama Elisante.

Akafungua sensa ya 1910, akatugawia majina ya majirani wa akina Dorsey, mmoja kwa kila mtafiti, na tukaambiwa tumtafute jirani huyo kama mtoa taarifa, bila kujali marehemu ni nani. Jirani wa Fredy aliitwa Silas Brogden. Machi 1912, Silas Brogden aliandikisha kifo cha Hester Matthews, mkunga, mjane, umri kama miaka sitini, aliyezikwa kwenye kanisa lilelile. Silas alikuwa amekua naye, na alitaja jina la kwao Hester, alilomjua nalo tangu utotoni. Tulipokuwa na jina la Matthews, cheti cha ndoa yake na Elias Dorsey, cha mwaka 1874, kilipatikana siku iliyofuata. Ushahidi ulifika kwa wazee wa kanisa wiki ya mwisho ya Juni. Fredy aliupeleka mwenyewe kwa mkono.

Hester alihamishwa peke yake mwezi Septemba. Lakini kabla ya jiwe kuchongwa, Mzee Phineas na Mama Elisante walikorofishana. Mzee alitaka mwaka wa kuzaliwa.

"Andika 1852. Nani atauliza?"

"Mimi," akajibu Mama Elisante. "Kama miaka sitini siyo miaka sitini, Mzee wangu."

Alijua anachokataa. Mtu aliyezaliwa utumwani, kama Hester, hakuandikwa jina kwenye sensa za wakati huo. Alihesabiwa tu kwa umri na jinsia chini ya jina la aliyemmiliki. Kumpa mwaka wa kubuni, alisema, ni kumhesabu hivyo mara ya pili. Jiwe likachongwa majina yake yote mawili na mwaka wa kufa, na mbele ya mwaka huo pakaachwa nafasi ya mwaka wa kuzaliwa. Mchongaji alipiga simu mara mbili kuhakikisha kwamba hajakosea. Mzee Phineas alinuna wiki nzima, kisha akapiga simu kuuliza ni filamu ngapi bado hazijasomwa.

Mama Elisante, asante kwa kutufundisha kutomzika mtu ambaye hatujampata. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na asubuhi zisizo na foleni.

Jalada la Hester sasa liko kwangu. Mwenye Biblia ya ukoo, cheti au masimulizi yoyote ya familia ya Matthews wa kaunti ya Howard au kaunti za jirani, kabla ya mwaka 1864, utumwa ulipokomeshwa huku, tafadhali anitafute: Jacqueline Ngowi, karani, namba ya ndani 12, Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nikiwa kwenye mashine sisikii simu, kwa hiyo taja jina na namba yako polepole, nami nitakupigia siku hiyohiyo. Ukija mwenyewe, tumia mlango wa nyuma ya jengo, ghorofa ya pili, ubonyeze kengele kwa muda kidogo. Mzee Phineas huja kila Jumatano. Ukiwa na chochote, hata kidogo, njoo Jumatano.