Shiuli Anavuta Kulia

Kijiwe chenyewe ni kibaraza cha saruji mbele ya duka lililofungwa, pale mtaani Beleghata, jirani na bwawa la kuogelea na kufulia. Chai hunywewa kwa vikombe vya udongo, na kikombe kikiisha hupigwa chini kikavunjika. Kwa vigae vilivyojaa miguuni mwao asubuhi ile ya baridi ya kwanza, ungedhani wamebomoa nyumba. Kumbe walikuwa watatu tu. Vidonge, tabibu wa vile vidonge vyeupe vitamu, ambaye amebakiwa na wagonjwa wawili na mmoja ni mkewe. Injinia, aliyefeli mtihani wa uinjinia mara tatu na kuuheshimu tangu hapo. Na katikati yao Podu, mwenye binti.

Binti ni Shiuli. Anaogelea chali kwa kasi ambayo mtaa haujapata kuona, ila hanyooki. Hata nusu ya bwawa hajafika, ameshavuta kulia, kichwa kinaelekea kwenye ngazi za wafua nguo. Mwaka jana, kwenye majaribio ya shirika la reli, ambalo huajiri waogeleaji wa timu yake, alijikwaruza kwenye kamba ya njia yake mpaka bega likatoka damu, akawa wa tatu. Walitakiwa wawili. Majaribio mengine ni Ijumaa, na baada ya hapo umri utakuwa umempita. Kocha ni Podu mwenyewe, mwaka wa tisa huu, na usingizi ulishamkimbia.

Vidonge alishikilia kwamba ni ini. Ini liko kulia, la Shiuli ni zito kwa sababu ya vitu vya kukaanga, basi mwili unalala upande wake. Alikwishampa vidonge vinne kila alfajiri kwa miezi miwili. Shiuli akavimeza, akaendelea kuvuta kulia. Injinia akasema ini halina nguvu ya kugeuza mtu, kosa lilikuwa msuko wa nywele, unakamata maji kama usukani. Podu akaenda nyumbani, akashika mkasi. Nywele zilizofika kiunoni zikabaki masikioni. Mama mtu hakupika siku mbili. Shiuli akavuta kulia.

— Podu-da, kaka yangu, nimepiga hesabu upya, Injinia akasema sasa. Ni dunia. Dunia inazunguka, binti yako hajui.

— Mbona bata hawapindi? Podu akauliza.

— Bata ana mkia, kaka. Tumfunge Shiuli nusu tofali mguu wa kushoto.

Vidonge alicheka mpaka chai ikampanda puani. Podu hakucheka. Alikuwa anatazama chini, miongoni mwa vigae, akitafuta tofali.

Mpiga pamba mmoja, mgeni mtaani, alikuwa ameketi ukingoni mwa kibaraza na upinde wake wa kuchambulia pamba ya magodoro, akipuliza chai. Alisikiliza yote. Shiuli mwenyewe akatokea, nywele fupi zinadondosha maji, ametumwa na mama yake kumwita baba akale. Mgeni akamuuliza, kama mtu anayeuliza njia:

— Binti, ukilala chali, macho unayaweka wapi?

Wale watatu wakatazamana. Miaka tisa, na swali hilo halikuwahi kukaa kwenye kibaraza kile.

— Kwa Baba, Shiuli akasema.

Podu akamwambia asimpotezee mgeni muda, chali mtu anatazama mbingu, alimfundisha hivyo tangu siku ya kwanza.

— Ulinifundisha. Halafu unatembea ukingo wa kulia, nikikosea unakunja uso. Nitajuaje kama nimekosea bila kukutazama?

— Na kule kwenye majaribio ya reli? Mimi sikuwa ukingoni. Nilikaa mbali, jukwaani.

— Ndiyo. Nilikuwa nakutafuta, nikachelewa kukuona.

Vidonge akafungua mkoba wake, akaufunga. Injinia alikuwa anahesabu vidole vyake. Podu akajaribu kuulainisha uso, akaona hajui pa kuanzia. Uso haukuwa umekunjwa; ndivyo ulivyokuwa siku hizi.

Alitaka kusema kitu kuhusu nywele. Kilichotoka ni:

— Basi Ijumaa nitasimama kushoto.

Shiuli akajifuta maji shingoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Podu.

— Ijumaa, Baba, wewe kaa hapa hapa.

Akamuaga mgeni kwa kutikisa kichwa, akarudi nyumbani peke yake. Mpiga pamba akavunja kikombe chake, akabeba upinde, akaenda kutafuta magodoro.

Pale kibarazani Injinia akasogea kumpisha Podu nafasi, ingawa Podu alikuwa ameketi muda wote.