Kiraka cha Kaki

Wajerumani walichoma maghala yetu ya mahindi, kisha wakatupanga mstari nje ya boma la Songea tuwaombe mahindi. Hatujasahau. Katika mstari huo Zena alimbeba mwanawe kwa mbeleko aliyoiunga mwenyewe kwa matambara ya kaniki.

“Mwenzangu,” mwanamke asiyemjua alimnong’oneza kwa nyuma, “hicho kiraka cha kaki umekitoa wapi?”

Zena akajibu bila kugeuka. “Nilikiokota njia ya Namtumbo.”

“Koti la askari haliokotwi, mama. Huvuliwa maiti. Kifumue!”

“Nikikifumua mtoto anaanguka. Kaniki zote zimeoza, hicho ndicho kinachomshika.”

“Nawe ukakishona mgongoni, usikokuona wewe na wanakokuona wao!”

“Ulitaka nikivae usoni? Nisogelee basi, unikinge.”

“Mie? Nikanyongwe kwa tambara la mtu nisiyemjua jina?”

Alikataa hivyo, lakini Zena akahisi kifua cha mwanamke huyo kimekwisha kuugusa mgongo wa mtoto. Wakasogea hivyo hivyo, wakibishana kwa minong’ono, mpaka mstari ukasimama mlangoni.

Askari akamtazama Zena. “Geuka,” akasema.