Uyoga Katika Thingira ya Mzee Gachoki

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, mchungaji, wazee na majirani: sisi wanawake wa Kikundi cha Uyoga Tumaini tunawakaribisha kwa mikono miwili. Keti, Mheshimiwa, ujisikie nyumbani. Nyumba ndiyo hasa tunayotaka kuizungumzia.

TULIKOTOKA

Tulianzia kwenye stoo ya mabati ya mwenyekiti wetu, Mama Muthoni. Tulichemsha maganda ya maharagwe, tukayashindilia mifukoni pamoja na mbegu. Jua likachoma bati, uyoga ukakauka ukiwa mchanga. Afisa wa kilimo akatuambia tutafute nyumba ya udongo, yenye giza na ubaridi. Bomani ilikuwapo moja tu, thingira ya Mzee Gachoki, mume wa mwenyekiti, nyumba yake ya kiume ambamo hata mkewe haingii bila hodi. Mzee alitukubalia mpaka mvua iishe. Mvua hiyo iliisha mwaka juzi.

MAFANIKIO

Uyoga wetu huota kwa mafungu, mweupe, mpana, umejikunja kama sikio. Jina la kitaalamu liliwashinda watu wa soko, wakauita masikio ya Gachoki. Hoteli za Embu mjini hununua wote. Mzee mwenyewe sokoni haendi tena, kwa sababu wanamuuliza masikio ni pesa ngapi.

CHANGAMOTO

Mzee hulala stooni, kati ya magunia ya mahindi na mbuzi mwenye kikohozi. Akitaka koti lake thingirani, hupiga hodi na kukanyaga chokaa mlangoni asituletee wadudu. Halalamiki. Huguna tu tukianza maombi ya kikundi.

Juma lililopita tuliingia asubuhi kunyunyiza maji, tukaona mfuko mmoja umeanguka kwenye kitanda cha Mzee kilichobaki humo. Tukaunyunyizia vizuri. Tulipourudia, mfuko ukaketi, blanketi likichuruzika.

"Mama Muthoni," Mzee alisema, "hata mimi giza napenda. Lakini hii maji, hapana."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama Muthoni hakucheka. Alimpangusa kichwa kwa leso yake, kisha akatuambia kwamba mume wake atarudi kwake, kikundi kife kama ni kufa. Tulimwonea huruma Mzee, na tukajionea huruma sisi pia.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika friji, barabara na pikipiki. Tumefuta vyote. Tunaomba nyumba moja ya udongo, hata ndogo, isiyo na mwenyewe.

Ukimtafuta Mzee Gachoki katika mkutano huu hutamwona. Tangu asubuhi amelala thingirani, mlango ameufunga kwa ndani. Mifuko yote ya uyoga iko chini ya meza yako, Mheshimiwa, nyuma ya kitambaa, maana hapa uwanjani giza liko hapo tu. Ukihisi maji miguuni usishtuke, saa yake ya kunyunyiziwa imefika. Itakaa hapo mpaka utujibu.

Mungu akubariki, akujalie usingizi mwema ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake cha Uyoga Tumaini, Embu.
Imesomwa na katibu, Carol Kanini.