Bi Danuta wa Meza ya Kabichi

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi Danuta Kurek anavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Amekitumikia kiwanda chetu cha kufungasha mboga hapa Boston, Lincolnshire, kwa miaka kumi na tisa, mingi kati ya hiyo kwenye meza ya kabichi.

Alitoka Suwałki, Poland, enzi zile mtu wa Ulaya aliingia Uingereza na kitambulisho chake, kesho yake yuko kazini. Sisi wageni wa meza alitufundisha kisu yeye. Mwanangu Hania, mwenye mwaka mmoja, hajawahi kuvaa soksi za dukani. Zote kafuma yeye.

Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, sisi tuliotoka huko tuliambiwa kila mmoja aombe upya haki ya kukaa, kwa simu, kabla ya siku ya mwisho. Wakati wa chai Bi Danuta alitupanga dirishani penye mwanga, tupigwe picha za maombi. Aliyekawia alikoma. "Wewe Rimas, unangoja malkia aje akubembeleze?" alimfokea mwenzetu mmoja.

Yeye mwenyewe hakuomba. Alikuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu aliyopewa zamani chini ya sheria ya Ulaya, akaamini inatosha. "Kudumu ni kudumu," alisema. Siku ya mwisho ilishapita Rimas alipomwambia polepole, "Mama, kadi hiyo ilikufa pamoja na sheria yake." Bila haki ile angepoteza kazi, na nyumba, na uzee aliouchumia hapa.

Basi safari hii tulimsimamisha yeye dirishani.

"Usitabasamu, Mama, mashine haitaki," Rimas alimwambia.

"Haitapata taabu na mimi. Tabasamu lenyewe liko wapi leo?"

Kwa kuwa alichelewa, ilibidi aeleze sababu. Msimamizi wetu, Bwana Pask, alimwacha kazini kwa stakabadhi ya ombi, kama sheria inavyoruhusu. Miezi ikapita akikata kabichi bila kuimba kama alivyozoea. Jibu lilipoingia kwenye simu aliniomba nimsomee, kisha nisome tena: haki ya kukaa, bila kikomo. Akafuta kisu, akaendelea na kazi. Baadaye kidogo tukamsikia anaimba.

Sasa anakwenda Suwałki kumuuguza dada yake. Haki yake itamngoja, mradi asikae nje miaka mitano mfululizo.

Asante, Mama, kwa kutupanga dirishani. Tunamwombea dada apone, na wewe upumzike vyema. Kaa naye utakavyo. Ila mwaka wa nne ukiisha, funga mizigo: Hania atakuwa anaanza shule, na atahitaji soksi.