Abiria wa Ayuma

Familia ya Mzee Gerishom Andayi inawashukuru nyote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Luanda. Tumelia wiki nzima, na bado tutalia. Lakini Agneta Ayuma hakuwa mtu wa kusindikizwa kwa huzuni tupu, kwa hiyo mtuvumilie tukicheka kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1982, mtoto wa kwanza wa Mzee Gerishom na Mama Teresiah. Mzee alikuwa mwendesha boda boda enzi za baiskeli, na baiskeli ile nyeusi ndiyo iliyotulisha. Mwaka 1996, akiwa darasa la nane, Ayuma aliichukua bila ruhusa na kumbeba mke wa pasta kwenda sokoni. Kwenye mteremko breki zikamshinda, na mke wa pasta akaishia mtaroni pamoja na mayai yake. Mzee alifunga baiskeli kwa mnyororo, akasema, "Wewe hutaigusa tena mpaka siku utakayofikisha abiria." Wengine tulisahau maneno hayo. Ayuma hakuyasahau.

Alimaliza sekondari mwaka 2000, akasomea ualimu wa watoto wenye ulemavu, na kufundisha hapa nyumbani miaka kumi. Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na Nick Osundwa, seremala, na mwaka 2006 Mungu akawajalia binti, Terry.

Januari 2014, kupitia kanisa, alipata nafasi ya kujitolea miaka miwili katika kituo cha watoto wenye ulemavu huko Al Warqa, Dubai. Walimpa chumba, chakula na tiketi ya ndege, basi. Watu walisema mengi: eti mke yuko Dubai bila mshahara, mume anasonga ugali. Nick alisonga, na Terry hakulala njaa hata siku moja.

Siku tano za wiki Ayuma alikuwa mwalimu. Ijumaa na Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Jirani mmoja alikuwa anatupa baiskeli kuukuu ya kike, yeye akaiomba. Kisha akaikokota mpaka Ras Al Khor, kwa fundi Mganda aitwaye Muzamiru, akamwambia aichomelee keria nyuma, kiti cha abiria kama cha kwetu.

"Dada, huku nani atapanda?" Muzamiru aliuliza.

"Wewe choma tu," akajibu.

Kwa baiskeli hiyo alizunguka mji. Alikwenda kutazama heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, akapigwa na jua la Juni mpaka mlinzi mmoja Mkenya akammwagia maji kichwani. Akapotea kati ya nyumba za Al Warqa, zote zinafanana, akabisha mlango wa watu na kukaribishwa chakula. Kila Jumapili alitupigia simu kusimulia, na Mzee alisikiliza bila kutia neno.

Kisha akasikia kuna mbio za baiskeli za wanawake katika jangwa la Al Qudra, kilomita hamsini, na kila atakayefika kabla ya saa nne asubuhi atapewa medali. Aliamua kumletea baba yake medali hiyo. Tarehe 20 Novemba 2015, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alisimama na kile chuma chake katikati ya baiskeli nyepesi ambazo mtu angeweza kuziinua kwa kidole. Wenzake wakamwacha mapema. Yeye akakanyaga tu.

Zikiwa zimebaki kilomita sita alimwona mwanamke kando ya barabara, gurudumu limeisha upepo, ameinua mkono. Sasa nyinyi mnajua kwetu mkono ulioinuliwa barabarani unamaanisha nini. Ayuma alisimama, akapangusa keria kwa kiganja.

"Panda."

"Mimi nataka pampu tu," yule mwanamke alisema. Jina lake Ghada, mwalimu pia.

"Pampu sina. Kaa upande, shika kiti. Yalla, twende, saa inakwenda."

Ghada alipanda. Upepo ulikuwa wa mbele, miguu ya Ayuma ikawaka moto, na mara mbili Ghada alimsihi amshushe asije akakosa medali kwa ajili yake. Ayuma akamwambia, "Nikikushusha, nimepoteza zaidi ya medali." Walifika saa nne kasoro dakika mbili, uwanja mzima umesimama. Msimamizi akasema, "Madam, abiria haruhusiwi." Ghada akamwomba aonyeshe palipoandikwa. Msimamizi alifunua karatasi zake zote, hakupaona. "Khalas, yaishe," akasema, "mpeni medali."

Jioni hiyo alipiga simu. "Baba, nimebeba abiria kilomita sita. Hakuanguka."

Mzee akauliza, "Alikuwa mzito?"

"Mzito, Baba."

"Vizuri."

Aliporudi na medali yake Januari 2016, mnyororo haukuwepo tena kwenye baiskeli nyeusi. Akarudi darasani, na jioni alimfundisha Terry kuendesha.

Februari 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua bila kulalamika, akiuliza zaidi habari za wanafunzi wake kuliko za dawa. Alituaga nyumbani Jumapili, tarehe 11 Agosti 2019, Nick akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake Nick, binti yake Terry, wazazi wake Mzee Gerishom na Mama Teresiah, mdogo wake Elias anayewasomea haya, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Ghada ametuma salamu, anasema bado hajanunua pampu.

Maneno ya mwisho hayamo katika programu mliyoshika, kwa sababu yametokea asubuhi ya leo. Gari la mwili lilipofika barabara kuu, Mzee alikataa kupanda gari lolote. Terry alileta baiskeli nyeusi, akapangusa keria kwa kiganja, na babu yake wa miaka sabini na minne akakaa upande, akashika kiti. Walitangulia mbele ya jeneza, mteremko ule ule wa mke wa pasta, mpaka hapa uani.

Pumzika salama, Ayuma. Baba amefika, na hakuanguka.